Usiichomeke Kwanza: Jinsi ya Kukagua Ampli Ndogo ya Gitaa ya Valvu

"Umeshaichomeka?"

Ndilo swali la kwanza nililoulizwa na mzee mmoja fundi redio pale Mbuyuni, Moshi, siku nilipoitua ampli yangu mezani kwake. Shikamoo yangu ilikuwa bado haijaitikiwa. Nikamjibu bado, mzee, nimeinunua jana. Akaishusha miwani hadi ncha ya pua, akaitikia marahaba, ndipo akasema: "Basi una bahati. Wenzako huniletea wakiwa wameshaijaribu."

Kujaribu ndiko kunakoziua hizi ampli. Iliyolala stoo miaka ishirini inaweza kuwa nzima kwa sehemu kubwa, ila kapasita zake za umeme mkubwa, zile zinazohifadhi umeme, zimekauka. Ukiichomeka ukutani "kuona kama inawaka", kapasita iliyokufa inavuta umeme kama nyaya mbili zilizogusana, valvu ya rektifaya, chupa ya kioo inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, inaungua, na siku ikiwa mbaya transfoma inafuata. Valvu utaagiza. Kapasita utanunua duka la spea za TV. Transfoma ya ampli ya zaidi ya miaka sitini huikuti Moshi wala Arusha, na kuisuka upya ni kazi ya siku nyingi kwa fundi anayejua kuhesabu mizunguko. Kwa hiyo hapa tunaisoma hali ya ampli ikiwa baridi. Umeme utaingia mwishoni, tena kwa kuchungulia.

Yangu haina jina. Kibati cha mbele kimeng'oka, yamebaki matundu mawili ya misumari. Ndani ina valvu tatu, ECC83, EL84 na EZ80, spika ya inchi 8, na vitufe viwili vya kuzungusha: sauti na toni. Ni ukoo mmoja na Selmer Little Giant ya Uingereza, na si mbali na Vox AC4. Binamu yao wa Marekani ni Fender Champ, yenye 12AX7, 6V6 na, kwenye matoleo ya zamani, 5Y3. Zote ni za wati 4 au 5 hivi. Usizidharau kwa wati hizo; sebuleni zinatosha kumtoa jirani nje. Miaka ile ndugu wawili wanamuziki, Wilson na George Peter Kinyonga, wanapiga Arusha, kabla hawajavuka kwenda Kenya na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika, ampli za valvu zilikuwa kitu cha kawaida jukwaani. Ndiyo maana hadi leo moja moja inaibuka kwenye stoo ya kanisa, kwenye nyumba ya shamba la zamani, au chini ya rundo la vyuma chakavu.

Usalama, na sirudii tena

Ndani ya kisanduku hiki kuna volti 250 hadi 350 za DC. Hizo zinaua. Kapasita huweza kuzishikilia hata baada ya plagi kutoka ukutani, kwa hiyo ampli iliyozimwa jana ichukulie kuwa bado ina umeme hadi mita ikuambie vinginevyo. Mkono mmoja ukiwa kazini, wa pili uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Vaa viatu vikavu. Usifanye kazi hii peke yako nyumbani, wala usiku baada ya kazi ukiwa umechoka.

Mita ile ya njano inayouzwa kila kona imeandikwa volti 1000 usoni, ila nyaya zake ni nyembamba na ncha zake hulegea. Nunua nyaya nene zenye vikamatio vya mamba. Na kama hujawahi kupima volti kwa mita, fanya hatua mbili za kwanza kwa kutazama na kuandika tu, kisha peleka ampli kwa fundi ukiwa na maelezo yako kwenye karatasi. Fundi anapenda mteja anayekuja na maandishi.

1. Soma namba kwanza

Fungua mgongo wa kisanduku, tafuta valvu, uandike namba zake. Usizisugue. Maandishi ya valvu za zamani yanafutika kwa kidole chenye jasho, na yakishafutika umebaki na chupa isiyo na jina.

Namba hizo zina lugha yake. Kwa mtindo wa Ulaya, E ni hita, yaani waya wa ndani unaoipasha valvu joto, ya volti 6.3. C ni triodi, kwa hiyo CC ni triodi mbili ndani ya chupa moja. L ni pentodi ya kutoa nguvu, Z ni rektifaya ya pande mbili, na 8 inakuambia ina miguu tisa midogo. Ukiisoma hivyo, ECC83, EL84 na EZ80 zimeshakueleza ampli nzima: moja inakuza sauti ya gitaa, moja inasukuma spika, moja inageuza umeme wa AC kuwa DC. Wamarekani huanza na volti za hita: 6V6 ni volti 6.3, 12AX7 ni 12.6, 5Y3 ni 5. ECC83 na 12AX7 ni valvu ileile kwa majina mawili, maana hita yake huungwa kwa 6.3 au kwa 12.6. EL84 huko Marekani huitwa 6BQ5, na Warusi waliitengeneza kwa jina la 6P14P.

Kwa nini nakushikilia hapa? Kwa sababu kuna ampli ndogo za bei rahisi zilizotengenezwa bila transfoma ya umeme kabisa. Ukikuta valvu za Marekani zinazoanza na namba kubwa, mfano 35W4 na 50C5, au za Ulaya zinazoanza na herufi U, kama UL84 na UY85, simama. Hita zake zimeungwa mfululizo moja kwa moja na umeme wa ukutani, na bati la ndani, lile linalobeba sehemu zote za ampli, linaweza kuwa limegusana na laivu. Nyuzi za gitaa lako zimeungwa kwenye bati hilo. Ampli ya namna hiyo haiguswi bila transfoma ya kutenganisha, na mimi ningeiweka kabatini iwe pambo.

Kabla ya kung'oa valvu yoyote, andika jina lake kwenye bati kando ya soketi yake kwa kalamu ya wino mzito. ECC83, EL84 na EZ80 zote zina miguu tisa ileile na kila moja inaingia kwenye soketi ya mwenzake bila kukataa, na umeme hautakusamehe. Ng'oa kwa kuitikisa kidogo huku ukivuta juu wima. Ikigoma, usiilazimishe kwa kuizungusha. Kioo cha chini ndicho huvunjika.

Sasa itazame kwenye mwanga. Juu ya kioo, kwa ndani, kuna doa linalong'aa kama fedha. Likiwa la fedha, au hata rangi ya kahawia kingoni, vizuri. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa, haifufuki. Yangu ya EL84 ilikuwa na doa safi, ila mguu mmoja umepinda. Niliunyoosha kwa koleo ndogo, polepole, nikijua kwamba ukikatika nimeagiza nyingine.

2. Waya wa umeme na rangi zake

Hapa ndipo watu hupigwa. Ampli za zamani za Uingereza zilitumia rangi za zamani: nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Waya wa siku hizi ni kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, na kijani yenye mstari wa njano kwa ethi. Za Marekani zinakuchanganya zaidi, maana kwao nyeusi ndiyo laivu na nyeupe ndiyo nyutro. Fundi wa nyumba aliyezoea nyeusi kuwa nyutro akifunga plagi kwenye ampli ya Kimarekani bila kuuliza, amekuwekea swichi na fyuzi upande usio wake.

Kama waya una nyuzi mbili tu, au mpira wake unapasuka ukiukunja, utupe wote. Weka waya mpya wa nyuzi tatu, baada ya kutoa umeme uliobaki ndani kama ilivyo hatua ya tatu. Ethi ifungwe kwenye bati kwa nati na boliti yake yenyewe, baada ya kukwangua rangi hadi bati ling'ae, wala si kwenye skurubu inayoshikilia transfoma. Kwenye ampli za Marekani zenye nyuzi mbili utakuta kapasita ndogo imetoka upande mmoja wa umeme kwenda kwenye bati, wakati mwingine ikipitia swichi ya kugeuza upande. Wapiga gitaa huko huiita kapasita ya kifo. Ikate, itupe.

Plagi ya pini tatu bapa ikitoka dukani mara nyingi ina fyuzi ya ampea 13. Hiyo ni ya pasi na jagi la kuchemshia maji. Weka ya ampea 3. Na ndani ya kishikio cha fyuzi cha ampli yenyewe, chungulia. Yangu ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Aliyefanya hivyo alitaka kumaliza shoo ya usiku ule. Weka fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kando yake.

Tafuta pia swichi au kiungo cha kuchagua volti. Za Uingereza nyingi zina 200, 220 na 240 au zinazokaribia hapo. Sisi tupo kwenye 230, lakini mtaani kwangu mita imewahi kunisomea 205 saa mbili usiku na 246 saa tisa alfajiri. Chagua ya juu kabisa. Ikiwa ni ya Marekani ya volti 117 au 120, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, angalau wati 100, na ujue kwamba ilitengenezwa kwa umeme wa hezi 60. Kwenye hezi 50 zetu transfoma yake inapata joto zaidi, kwa hiyo ipe mapumziko.

3. Toa umeme, kisha pima ikiwa baridi

Chukua rezista ya kilo-omu 10 yenye wati 5, iunge nyaya mbili zilizofunikwa vizuri na vikamatio vya mamba. Kimoja kwenye bati, kingine kwenye mguu chanya wa kapasita kubwa. Hesabu hadi kumi, kisha pima kwa mita. Rudia kwa kila kapasita kubwa. Wapo wanaotumia bisibisi kugusisha, na cheche inatoka, na wanacheka. Cheche hiyo inakula kapasita, na siku moja itakula jicho.

Sasa mita iwe kwenye omu. Swichi ya ampli ikiwa imewashwa lakini plagi iko mkononi mwako, pima kati ya laivu na nyutro: unatarajia makumi ya omu. Isiposoma kitu, ama fyuzi, ama swichi, ama transfoma. Kati ya laivu na bati mita isisome chochote kabisa. Ikisoma, hata namba kubwa, kuna unyevu au insulesheni iliyochoka. Yangu ilisoma megaomu 2, nikaiweka juani siku mbili, saa nne hadi saa tisa, ikapona. Kama isingepona ningeishia hapo.

Kwenye soketi ya EZ80, kila anodi, yaani bamba la ndani ya chupa (mguu wa 1 na wa 7), hadi bati iwe na omu mia kadhaa, na pande mbili zikaribiane. Transfoma ya spika, upande wa EL84, nayo husoma omu mia kadhaa. Ikiwa wazi kabisa, waya umekatika ndani na hiyo ni habari mbaya.

Spika ipime baada ya kutoa waya mmoja, la sivyo utakuwa unapima transfoma. Spika ya omu 8 husoma kama 6, ya omu 3 husoma 2 na kitu, ya omu 15 husoma 11 hadi 13. Kisha iguse kwa betri ya rimoti ya volti 1.5. Iseme "tup". Sukuma karatasi kwa vidole vya mikono miwili, usawa, usikilize kama kuna kitu kinakwaruza katikati. Mpasuko wa karatasi si msiba. Kipande cha karatasi nyepesi na gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, vinatosha. Usitumie gundi inayokauka ikawa ngumu kama kioo.

Na usafi. Kwangu mende walikuwa wametaga katikati ya miguu ya soketi ya EL84, na mayai yamekaukia humo kama kokwa. Uchafu wa namna hiyo kwenye volti 250 huanza kupitisha umeme, ukaungua, ukawa makaa, na makaa yanapitisha zaidi. Niliukwangua kwa kijiti cha meno, nikasugua kwa mswaki na spiriti, nikaacha usiku kucha. Kinyesi cha panya ni kibaya zaidi kwa sababu kinavuta unyevu na kula bati. Potenshometa, zile za vitufe vya kuzungusha, na matundu ya jeki safisha kwa dawa ya kontakti, isiwe mafuta ya kulainishia nati.

4. Kapasita: ipi itoke, ipi ibaki

Kubwa za kuchuja umeme, zile za mkebe wa alumini, zitoke. Sijali zinaonekana nzima kiasi gani. Kuna wanaoamini kuzifufua kwa kuzilisha umeme kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na wakati mwingine inafanikiwa, lakini kapasita mpya mbili ni bei ya chakula cha mchana na sitaki kulala nikiwaza. Mkebe wa zamani uache mahali pake kwa sura, kata tu nyaya zake, na mpya zifiche chini. Angalia chanya na hasi mara mbili, ukizigeuza zinapasuka.

Yangu ilikuwa 32 na 32 mikrofaradi, volti 350. Niliweka 33 na 33 za volti 450. Wala usidanganywe na kubwa zaidi. EZ80 haitakiwi kupewa zaidi ya mikrofaradi 50 kwenye kapasita ya kwanza, kwa sababu kila ukiwasha, kapasita tupu inainyonya valvu kwa nguvu. Rafiki yangu wa Arusha aliwekewa 220 na fundi mmoja aliyemwambia "mlio utakuwa safi zaidi". Mlio ulikuwa safi kweli. Wiki ya tatu EZ80 ilirusha cheche ndani ya chupa na giza likaingia. Na EZ80 haziuzwi mpya kirahisi kama EL84 na ECC83. Inayopatikana zaidi ni EZ81, yenye mpangilio uleule wa miguu, ila hita yake inakula ampea 1 badala ya 0.6, na transfoma ndogo inaweza isifurahie.

Kapasita ndogo ya katodi ya EL84 (katodi ni sehemu ya valvu inayotoa elektroni), kwa kawaida 25 mikrofaradi volti 25, badilisha. Ikikauka, ampli inalia nyembamba kama redio ya mfukoni. Zile za kupitisha sauti kutoka valvu hadi valvu, hukumu yake inatolewa kwa volti, hatua ya sita. Zikiwa za karatasi na nta na zimepasuka, usisubiri hukumu. Zikiwa zile za njano ya haradali zilizotumiwa sana Uingereza miaka ya 1960, ziache; ni imara kuliko nyingi za leo.

Rezista za kaboni huzeeka kwa kupanda. Iliyo zaidi ya asilimia 20 juu ya rangi zake, badilisha. Zilizobaki, na kitambaa cha mbele, na rangi ya ngozi iliyochubuka, ziache zilivyo.

5. Globu ya vifaranga

Kabla ya umeme wa moja kwa moja, tengeneza kizuizi. Ni holda ya taa iliyoungwa kwenye waya wa laivu, kabla ya soketi ambayo utachomeka ampli, ili umeme wote upitie kwenye globu. Lazima iwe globu ya zamani yenye waya ndani, wati 60. Za LED na zile za mrija uliojizungusha hazifai kazi hii. Madukani zimeadimika, lakini wafugaji wa vifaranga bado wanazo. Yangu niliipata mtaa wa Pasua, Moshi, kwa mama mmoja aliyenitazama kwa mashaka nilipomwambia ni ya gitaa.

Spika iwe imeungwa. Ampli ya valvu isiyo na spika inaweza kuichoma transfoma yake ya kutolea sauti, na watu wa ampli za transista hawalijui hili.

Washa kwanza bila EZ80, valvu nyingine zikiwa ndani. Globu iwake kidogo sana au isiwake. Hita za ECC83 na EL84 ziwe na wekundu wa kaa la moto lililofifia, na kati ya mguu wa 4 na wa 5 wa EL84 upate takriban volti 6.3 za AC. Zima. Weka EZ80. Washa tena, mikono mbali, macho kwenye globu: itang'aa kidogo, itafifia, kisha EZ80 ikishapata joto itapanda tena kidogo na kutulia. Ikibaki inang'aa kama taa ya sebuleni, zima. Kuna mahali pamegusana, na umeokoa transfoma kwa bei ya globu.

Siku ile, yule mzee fundi akiwa kando yangu, globu yangu ilitulia ikiwa na wekundu hafifu, na ampli ikatoa pumzi. Si mlio, ni ile "shhh" ya mbali. Mzee alisema neno moja tu: "Ipo."

6. Bila globu, na volti zake

Sasa chomeka moja kwa moja, kikamatio cheusi cha mita kimebana bati, mkono mmoja mfukoni. Pima moja moja na uandike. Zangu zilikuwa hivi: katodi ya EZ80 (mguu wa 3) volti 278; anodi ya EL84 (mguu wa 7) volti 260; katodi ya EL84 (mguu wa 3) volti 7; anodi za ECC83 kati ya 140 na 165. Zako hazitafanana kabisa, ila zikiwa jirani ya hapo usiwe na wasiwasi.

Hesabu ya EL84 ifanye mwenyewe. Rezista ya katodi ni omu 150, kwa hiyo volti 7 gawanya kwa 150 ni miliampea 47. Toa kama 5 za skrini, yaani gridi ya pili ya valvu, zimebaki 42. Zidisha na volti 253, yaani 260 toa 7, unapata wati 10.6. Kikomo cha EL84 ni wati 12. Iko salama.

Halafu kipimo ambacho wengi hukiruka: gridi ya EL84, inakoingilia sauti, mguu wa 2. Inatakiwa iwe sifuri. Yangu ilikuwa sifuri. Nikataka kufunga, mzee akaniambia acha iwake, kunywa chai. Baada ya dakika kumi nikapima tena: volti 4, na zinapanda. Hapo ama kapasita ya kupitisha sauti inavuja, ama valvu imeingiwa na gesi. Kujua ni ipi, zima, toa umeme, ng'oa EL84, washa, pima mguu uleule. Volti zikibaki, kapasita. Zikipotea, valvu. (Fanya hivi baada tu ya kuweka kapasita kubwa mpya za volti 450, maana bila EL84 umeme wa ndani unapanda.) Kwangu zilibaki. Kapasita mpya ya 0.022 mikrofaradi, volti 630, na tatizo likaisha. Ningeiacha, EL84 ingeendelea kuvuta umeme zaidi na zaidi hadi anodi yake iwe nyekundu. Ukiona wekundu huo, usipime kitu, zima. Mwanga wa buluu kwenye kioo, kwa upande mwingine, hauna neno.

7. Sikiliza

Ikivuma, chukua gitaa lililo kwenye tyuni sahihi na upige uzi wa sita, yaani ule mnene, ukiwa umebana freti ya tatu. Hiyo ni sol ya hezi 98. Ikiwa mvumo uko hapohapo, ni hezi 100: umeme haujachujwa vizuri, rudi kwenye kapasita kubwa. Ukiwa oktavu moja chini, ni hezi 50: tafuta waya wa hita uliolala karibu na waya wa sauti, ethi mbovu, au waya wa gitaa. Sauti ikifungwa kabisa na mvumo ukapungua, kosa liko mwanzoni mwa ampli. Usipobadilika, liko nyuma.

Gonga kila valvu taratibu kwa upande wa penseli wenye kifutio. ECC83 ikilia kama kengele, imechoka. Bado inaweza kufanya kazi ya redio lakini si ya gitaa.

Kisha piga nusu saa. Zima, chomoa, gusa transfoma ya umeme kwa kiganja. Ukiweza kukiacha hapo hadi uhesabu tano, ni joto lake. Usipoweza, rudi kwenye hatua ya sita.

8. Ukumbini na barabarani

Ethi ya ampli ni nzuri kama ethi ya jengo. Kwenye soketi ya ukumbi pima laivu hadi ethi: ikaribie 230. Nyutro hadi ethi iwe volti chache. Ukikuta laivu hadi ethi ni volti 90 au namba inayochezacheza, ethi haipo, ni tundu tu la plastiki. Ampli na mikisa ya maiki zichomekwe kwenye soketi moja ya ukutani, la sivyo mwimbaji anayepiga gitaa atapigwa na umeme mdomoni akikaribia maiki, na hatarudi kwenye mazoezi.

Kwenye daladala au kwenye basi la Arusha, ampli isipakiwe nyuma chini ya magunia. Ng'oa valvu, kila moja kwenye soksi yake, zikae kwenye begi unalopakata. Ukifika, zirudishe kwa kufuata maandishi ya wino uliyoyaweka kwenye bati, hakikisha waya wa spika haujalegea njiani, ndipo uulize soketi iko wapi.